Kitabu cha Mbuzi Aliyekula Kofia

Sisi tulioanza shule Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, miaka ile ya tisini tulijua kusoma kabla ya kujua herufi. Nasema hivyo bila aibu, maana najua wenzangu mnacheka. Darasa la kwanza tulijazana chumba kimoja, wenye bahati kwenye madawati, wengine kwenye matofali tuliyobeba wenyewe kutoka nyumbani. Kitabu cha picha kilikuwa kimoja tu, tena hakikutoka dukani. Mwalimu wetu Veronika alikitengeneza kwa karatasi za mifuko ya saruji, akachora kwa mkaa na kalamu za rangi, akakishona kwa uzi wa gunia. Watoto wa siku hizi wangekiona wangeuliza kinachajiwa wapi.

Ilikuwa hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu mkuu. Kuchora hakukuwa kipaji cha Mwalimu, Mungu amsamehe. Kuku wake na mbuzi wake walikuwa na sura moja, tofauti ilikuwa pembe. Lakini kusoma alijua. Alikiinua kitabu kwa mkono wa kushoto, fimbo ya mkono wa kulia ikifuata maneno, akasoma kwa sauti ya kuvuta, nasi tukaitikia kama kwaya ya Pasaka. Tuliokaa nyuma hatukuyaona maneno. Tuliona rangi na kusikia tuni, ikatutosha. Baada ya majuma machache nilikuwa nakisoma kitabu chote nikiwa nimefumba macho, tena kwa madaha.

Kila Ijumaa mtoto mmoja alipewa kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akawasomee wakubwa nyumbani, na Jumatatu akisome peke yake mbele ya darasa. Mwalimu alishatuambia kwamba atakayeshindwa hataingia darasa la pili. Mdogo wangu Odeta alikuwa anaanza shule Januari. Kukaa darasa moja na mdogo wako ilikuwa aibu ya kumfanya mtu ahamie mbali huko Kabungu. Mimi lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kitabu nilikuwa nacho kichwani.

Zamu yangu ilipofika, Jumamosi nilimfuata Bibi, mama yake baba, akiwa kwenye mkeka anachambua maharage. Bibi hakujua herufi hata moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, mengine yote Kirundi. Nikaanza kwa mbwembwe. Mwalimu alikuwa amebandika viraka kwa uji, kurasa mbili zikashikana, nikafunua zote pamoja bila kujua. Nikawa naendelea kwa sauti kubwa na habari za kuku anayetaga.

"Mjukuu wangu," Bibi aliuliza, "huyo kuku ana pembe?"

Nikasema Mwalimu hajui kuchora. Bibi hakubisha. Aliniambia nirudie hapo hapo kwenye mbuzi, akaweka punje ya haragwe chini ya kila neno. Herufi hakuzijua, lakini mapengo aliyaona. Aliyepanda mahindi maisha yake yote anajua shimo moja linaishia wapi. Punje zikawa tatu. Nikasoma: "Mbuzi anakula kofia nyie wa nyuma nyamazeni."

Bibi akaziangalia punje, akaniangalia mimi. "Hapa ni tatu," alisema. "Hayo mengine unayasoma wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Kila Mwalimu alipofika ukurasa ule, sisi wa nyuma tulikuwa tunacheka, naye alitukaripia kwa tuni ile ile ya kusomea, na sisi tukaamini imeandikwa. Nililia sana, maana nilimwona Odeta ameshakaa pembeni yangu. Bibi alinifuta kwa kitenge, akasema twende punje kwa punje. Tulikwenda hivyo Jumamosi yote, na Jumapili baada ya kanisa. Nikaanza kuona kwamba neno mbuzi, kila linapotokea, lina umbo lile lile. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa viatu.

Jumatatu nilisimama mbele nikasoma polepole, bila madaha. Nilipofika kofia nikanyamaza. Darasa zima likaendelea bila mimi: "Nyie wa nyuma nyamazeni." Mwalimu aliduwaa, kisha akacheka mpaka akakalia tofali la mtu. Darasa la pili nikaingia, na kuanzia siku hiyo wa nyuma wakawa wanasogezwa mbele kwa zamu.

Leo mwanangu ana simu inayosoma hadithi yenyewe, picha zinacheza, mbuzi wake ni mbuzi kweli kweli. Namtania kwamba sisi tulisoma kwa maharage, naye ananiangalia kwa huruma, anarudisha spika zake masikioni. Siwezi kumlaumu. Nilipojua kusoma kweli, na mimi nilianza kusoma kimya kimya kama wasomi. Bibi alikuwa akija na mkeka wake anakaa karibu yangu, anasubiri, na mimi nafunua kurasa bila kutoa sauti. Nilidhani anapumzika tu. Amefariki siku nyingi, na katika vitabu vyote nilivyosoma tangu Jumatatu ile, sikumsomea hata kimoja.