Buibui wa Mume Wangu

Nilipoolewa na kuhamia Bariadi, nilimkuta yule buibui ana chumba chake tayari. Mume wangu, mwalimu wa baiolojia, alimfukua shambani kwao Lagangabilili wakati wa kulima pamba, kabla hatujajuana. Alimfuga kwenye kasha la kioo lenye udongo na kifuniko cha wavu. Buibui alikuwa na manyoya ya rangi ya kutu, na akinyoosha miguu anafunika kisahani cha chai. Kwetu Tanga buibui ni kitu cha kufagia.

"Huyu ni jike," mume wangu aliniambia. "Majike wanaishi miaka ishirini na zaidi. Mtazoeana."

Sikuzoea. Nilikuwa napita mlango wa kile chumba haraka haraka, vinyweleo vimenisimama.

Kisha mume wangu akaenda Mwandoya kusimamia mitihani, akaniachia kazi ya kumwekea buibui maji. Asubuhi nikamkuta amelala chali, miguu juu. Nikashusha pumzi. Nilileta kizoleo, nikaondoa kifuniko, nikamgusa kwa njiti ya ufagio.

Mguu mmoja ukajikunja taratibu.

Nilitoka mbio hadi uani huku nikipiga kelele. Mama mkwe, aliyekuja kutuletea michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, alinishika mabega wakati nampigia mume wangu simu.

"Hajafa," mume wangu alisema. "Anavua ngozi. Usimguse tena, mwili wake sasa ni laini. Kifuniko umerudisha?"

"Hapana."

"Kirudishe, mke wangu. Akimaliza atatafuta pa kujificha."

Nilisimama pale uani mpaka jua likapanda. Nilikuwa nawaza vitanda, viatu, nguo zilizorundikwa kwenye kapu. Mwishowe mama mkwe akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Twende, mwanangu. Hata mimi namwogopa, lakini tutaogopa pamoja."

Alitangulia, ameshika ungo kifuani. Tukachungulia ndani ya kasha.

Walikuwa wawili.

"Mayu wane!" mama mkwe aliita mama yake kwa Kisukuma, akarudi nyuma hadi ukutani. "Amezaa!"

Wote wawili walikuwa na manyoya na miguu iliyotimia, na wote wametulia. Sikujua nimtazame yupi. Halafu mmoja akajivuta kuelekea ukingo wa kioo. Mama mkwe akaubwaga ungo juu ya kasha, nami nikapandisha ndoo ya mahindi juu ya ungo, sijui kwa nguvu gani. Tukafunga mlango, tukakaa uani tumeshikana mikono kama watoto.

Mume wangu aliporudi, alitoa yule wa pili kwa kidole. Lilikuwa ganda tupu, jepesi kama ganda la kitunguu.

"Tazameni, amekua!" alisema kwa furaha.

"Na ataishi mpaka lini?" mama mkwe akauliza.

"Pengine mpaka wajukuu zako waoe."

Mama mkwe hakusubiri chai. Alifunga mzigo wake akarudi kijijini, na tangu hapo akitaka kutuona anatuita sisi twende kwake. Mimi nimebaki na buibui nyumba moja. Mwalimu akisafiri, maji nampa. Kisha nakunja kitenge cha zamani, nakisokomeza chini ya mlango wa kile chumba, na kukikagua tena na tena.