Sofa Langu Uwanjani

Nyumba yangu inapakana na uwanja wa shule ya msingi, huku kwetu Temeke ya ndani ambako lami imeishia njiani. Kwa sababu hiyo tu, na wala si kwa heshima yoyote niliyonayo, sofa langu ndilo lililokuwa likibebwa kila mara chama cha mpira cha mkoa kilipotuletea mgeni rasmi. Walikuja vijana wawili waliovaa fulana za chama, wakasema, "Shikamoo mama, tumefuata sofa." Nikaitikia marahaba, nikaondoa vitambaa, nikakung'uta vumbi, kisha nikavirudisha vitambaa mahali pake, maana sikutaka mgeni wa watu aende kusema Temeke hatujui kupamba. Walijitwisha wakaondoka nalo, na jioni lilirudi limejaa mchanga.

Mpaka leo nikiviona vile vitambaa napandwa na hasira. Nilivifuma kwa mkono wangu.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaa. Watu huniuliza mwanamke niliingiaje huko, nami huwajibu kwamba hakupatikana mwanamume aliyekubali kwenda kukaa kwenye vikao vya chama. Nimevikaa vyote. Nikieleza ligi yetu inavyoendeshwa, mtu asiyejua ataona ni jambo zuri sana: timu za mitaani zinasajiliwa, chama kinapanga ratiba na kuleta waamuzi, na kila mechi inapewa kamisaa, yaani mtu wa chama anayesimamia mambo pale uwanjani na ambaye neno lake ndilo la mwisho. Timu inayomaliza ikiongoza inapanda daraja. Basi, ni hayo tu. Lakini kaa kikaoni usikie ajenda ya kwanza ni nini. Ni mgeni rasmi: nani aalikwe, akae wapi, anywe maji ya baridi au ya kawaida, nani amkabidhi ua. Shimo lililo mbele ya goli la upande wa msikiti, ambalo limeshavunja watu vifundo vya miguu, hujadiliwa kwenye "mengineyo", na mengineyo hufika wakati watu wameshashika funguo za pikipiki zao.

Nahodha wetu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Beki wa kati, mrefu, mkimya, mwenye goti la kulia linalolia kama bawaba kavu. Kazi yake ilikuwa kibarua bandarini. Alfajiri alisimama getini na genge lake, nyapara akawapitia na kuwahesabu, wakaingia kupakua. Asubuhi usipoonekana na meli ipo, nafasi yako anapewa aliyesimama nyuma yako, na huyo aliyesimama nyuma yako hakosekani. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya mpira, na mpira wenyewe alikuwa ameucheza daraja lile lile la chini tangu ndevu hazijaota. Msimu ule alinitangazia kuwa ndio wa mwisho.

"Dada, goti limekataa," aliniambia akiwa anakula. "Lakini nataka nipande hata daraja moja kabla sijaanza kukaa na wazee nyuma ya goli."

Hilo ndilo alilolitaka duniani. Hakutaka gari wala hakutaka kuonekana kwenye runinga. Alitaka kupanda daraja moja.

Ikafika mechi ya mwisho, na kweli tulikuwa na nafasi. Tukishinda, tunapanda. Wapinzani wetu walikuwa timu ya Kinondoni, vijana wa kituo cha mpira ambao hulala kambini, hula kambini, na hawana kazi nyingine zaidi ya mpira. Wao sare iliwatosha. Mechi ilipangwa saa kumi jioni, kwetu, na kwa kuwa ilikuwa mechi ya kuamua, chama kikaona ni lazima iwe na mgeni rasmi. Vijana wakaja kufuata sofa.

Saa kumi timu zote mbili zilikuwa zimeshapanga mstari katikati ya uwanja. Waamuzi wapo, mpira upo, na watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa shule. Chini ya turubai, katikati ya viti vya plastiki, sofa langu lilikuwa tupu, na mbele yake meza yenye chupa ya maji. Mgeni rasmi hajafika. Wakasema yuko njiani, ametoka Kimara kwenye shughuli nyingine. Mkazi yeyote wa jiji hili anajua kwamba mtu anayesema yuko njiani kutoka Kimara huenda bado hajavaa viatu.

Tukangoja. Wachezaji wetu wakaanza kuchuchumaa kwenye mstari, kamisaa akawaambia wasimame, mgeni anaweza kuingia muda wowote. Mdogo wangu nilimwona akihamishia uzito kwenye mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena. Kivuli cha goli kikaanza kurefuka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wahenga wale hawakuwahi kumngoja mgeni rasmi wa mpira.

Nikamfuata kamisaa. Ni mtu mzima, ana mvi, nikaanza kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Uwanja huu hauna taa. Tukichelewa zaidi hatumalizi."

"Marahaba, mama katibu. Vuta subira kidogo."

"Mzee, si waanze tu, mgeni atawakuta wanacheza?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi msikitini. "Mama, mechi ya chama haianzi bila mgeni rasmi. Hiyo itakuwa chandimu."

Chandimu ni ule mpira wa vichochoroni, usio na refa wala jezi. Nikarudi kukaa, nikalitazama sofa langu. Sijawahi kukichukia kitu nilichokinunua kwa jasho langu kama nilivyolichukia sofa lile siku ile. Timu yangu, uwanja wa mtaa wangu, na kinachoizuia isicheze ni kiti kilichotoka sebuleni kwangu, kimekaa pale hakina mtu.

Mgeni alipofika, jua lilikuwa limeshaegemea paa za nyumba. Akapeana mikono na kila mchezaji, kila mwamuzi, kila kiongozi. Picha zikapigwa. Akapewa kipaza sauti. Akasema amefurahi sana, akasema vijana waache vijiwe na dawa za kulevya, akasema michezo ni afya na michezo ni ajira. Hilo la ajira alilirudia, nami nalikumbuka vizuri. Kisha akaingia kupiga mpira wa ufunguzi, akaukosa, watu wakacheka, akataka kurudia, wakamrudishia. Wapiga picha walihitaji na wa tatu.

Mpira ulipoanza, ulikuwa mpira kweli. Mdogo wangu alicheza kama goti amelisahau nyumbani. Karibu na mapumziko tulipata kona, akapanda mbele, akaupiga kichwa ukaingia, na watu wakashuka ukutani kama wameanguka. Mimi nililia. Sioni haya kusema.

Wakati wa mapumziko mgeni rasmi aliaga. Alikuwa na shughuli nyingine. Sofa likabaki tupu tena, safari hii na alama ya makalio yake kwenye kitambaa.

Kipindi cha pili kilichezwa kwenye kiza kilichokuwa kikiingia taratibu. Adhana ya magharibi ililia, mpira ukawa unasikika zaidi ya kuonekana. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, tukiongoza kwa lile bao moja, refa aliwaita manahodha, akazungumza na kamisaa, akapuliza kipenga. Giza. Mechi imevunjika.

Kamisaa akatangaza: dakika zilizobaki zitamaliziwa kesho, saa mbili asubuhi, uwanja huu huu.

"Kesho ni Jumatatu," nilimwambia. Adabu ilikuwa imeshaanza kuniishia. "Hawa ni watu wa kazi. Wale wenzetu wanalala kambini, wataamka wanywe chai waje. Hawa wangu nitawatoa wapi? Pangeni Jumapili ijayo."

"Kanuni ndivyo inavyosema, mama. Zinamaliziwa kesho yake."

"Na kanuni ya kuanza saa kumi inasemaje?"

"Hiyo ilipata dharura." Akanishika bega. "Hasira hasara, mama katibu."

Nikamjibu kwamba hasara wameshatutia, hiyo hasira ni yangu ya kufidia. Akaenda zake.

Wachezaji walikuja kukaa sebuleni kwangu, wengine sakafuni, wengine juu ya lile sofa na mchanga wake. Kila mmoja akaeleza yake. Kipa ni mlinzi, zamu yake inaanza asubuhi, na bosi wake hataki kusikia habari za mpira. Winga anaendesha bajaji ya mtu, angalau huyo angeweza kuiba nusu saa. Mwingine yuko kiwandani. Hakuna aliyekuwa mwoga pale. Walikuwa na watoto na kodi za nyumba. Mdogo wangu alibaki mpaka wengi walipoondoka.

"Meli ipo?" nikamwuliza.

"Ipo."

"Basi nenda kazini. Mimi dada yako ndiye ninayekwambia. Lile genge lina watu wanaosubiri uteleze."

"Dada, mie ndo nahodha," alisema. "Ntawaambiaje wengine waje halafu mie nisije?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia mchanga. Jibu la swali lile mpaka sasa nalitafuta.

Asubuhi walifika wanane. Kanuni inaruhusu timu kucheza hata ikiwa na saba, kwa hiyo kamisaa alitabasamu, akasema mambo yako sawa. Winga alivaa glovu za kipa, zikampwaya. Turubai halikuwepo, kipaza sauti hakikuwepo, na refa alianza saa mbili kamili, sekunde haikupotea. Niliiangalia saa ya simu yangu, nikatamani kuitupa. Kumbe wanajua kuwahi! Watoto wa shule walichungulia madirishani mpaka mwalimu akawafungia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wale vijana wa Kinondoni walikuwa wachezaji wazuri na hawakutuchezea rafu. Kumi na mmoja waliolala vizuri, dhidi ya wanane ambao kila mmoja alikuwa akiwaza kazini. Walisawazisha mapema. Mdogo wangu alikimbia peke yake kuziba nafasi za watu watatu, akaenda kuokoa mpira upande wa msikiti, mguu ukaingia kwenye lile shimo. Lile la kwenye mengineyo. Nilisikia alivyolia nikiwa pembeni ya mstari. Akasimama. Akaendelea kusimama, maana kukimbia hakuweza tena, na bao la pili lilipita pembeni yake akilitazama.

Filimbi ilipolia, nahodha wa Kinondoni alimfuata, kijana mdogo sana, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Braza, samahani," alimwambia. "Hata sisi hatujapenda." Naamini alisema kweli. Katika watu wote wa mpira niliokutana nao siku zile mbili, huyo peke yake ndiye aliyeomba radhi, na yeye hakuwa na kosa.

Mdogo wangu alipanda bodaboda kwenda bandarini hivyo hivyo, goti limevimba, jezi ndani ya shati. Nyapara alimwambia genge limetimia. Akarudi kesho yake, akaambiwa limetimia. Keshokutwa akarudi tena, anachechemea, na mtu anayechechemea habebeshwi gunia. Kibarua kikaota nyasi. Chumba alichopanga kikamshinda, akahamia kwangu, kwenye sofa.

Michezo ni ajira, alisema yule bwana.

Nilipeleka malalamiko chamani. Nilikwenda mwenyewe, nimejiandaa, maneno nimeyapanga kichwani tangu nyumbani. Wakaniweka kwenye mengineyo. Kabla ya hapo mwenyekiti alitoa taarifa ya msimu, akasema ligi imemalizika kwa amani na utulivu, akamshukuru mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yake mazito, kisha akanigeukia na kusema, "Na tumshukuru mama yetu wa Temeke kwa sofa." Wakanipigia makofi. Mengineyo yalipofika, muda ulikuwa umekwisha. Nilitembea mpaka kituoni nikiyasema peke yangu maneno yote niliyokuwa nimeyapanga.

Msimu mwingine ukafika. Ufunguzi ukapangiwa uwanja wetu, na mgeni safari hii, walisema, ni mkubwa kuliko yule. Ndiyo maana hawakutuma vijana peke yao. Adhuhuri, jua likiwa kali, nilisikia hodi, nikatoka, nikamkuta kamisaa mwenyewe mlangoni, suti, mvi, na vijana wawili wenye fulana nyuma yake.

"Shikamoo mzee," nilisema, maana mvi ni mvi.

"Marahaba, mama katibu. Tumefuata sofa letu," akasema akicheka.

Nikausukuma mlango ukafunguka wote, waone vizuri. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya sofa, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya mto, mdomo wazi, vitambaa vyangu vimejikunja chini ya mgongo wake.

"Sofa lina mtu," nikamwambia.

Kamisaa alimtazama, akamtambua, akashusha macho. Akatazama saa yake.

"Sasa mama, mgeni yuko njiani. Tumsubiri aamke?"

"Msubirini," nikasema, nikarudi jikoni kugeuza wali wangu.