Magunzi Nyuma ya Fremu

Harufu ya udongo mbichi uliokandikwa ukutani huwafurahisha watu wengi, kwa kuwa ni harufu ya nyumba mpya. Mimi huikimbia. Wiki iliyopita majirani walikandika jiko lao, nami nikafunga dirisha. Mjukuu wangu akaniuliza sababu. Sikusoma shule, basi yeye ameshika kalamu, mimi nasema. Nimemwonya asipunguze neno wala asinipambe.

Tulikaa milimani, juu ya Zombo: baba, mama na mimi. Kaka yangu Yohana alifariki kwa homa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alikuwa kibarua wa mkonge karibu na Kilosa, na huko mjini ndiko alikopigwa picha moja tu maishani mwake. Alisimama na shati jeupe, mkono mmoja juu ya kiti, uso ameukaza kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Seremala wa misheni aliitengenezea fremu ya mninga yenye kioo.

Mama aliilinda picha ile kuliko alivyotulinda sisi tuliokuwa hai. Haikupigwa jua wala haikufutwa kwa kitambaa chenye maji. Msumari wake ulipakwa mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Kwenye pembe mbili za juu, nyuma ya fremu, alifunga vipande vya gunzi la mahindi ili isilale ukutani, kwa kuwa alijua udongo hutoa jasho. Juu yake aliteremsha kitambaa cheupe, ambacho kilifunuliwa Jumapili tu, baada ya ibada, kwa muda mfupi.

Kisha tukaamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, kule chini barabarani. Nyumba zilipangwa mistari kama matuta. Yetu ilijengwa kwa siku chache, kwa fito na udongo, mvua zikiwa zimeshaanza. Mama aliifunga picha kwa kanga mbili, akaitia sandukuni, akasema haitatoka mpaka kuta zikauke. Baada ya hapo akaenda Msowero kumhudumia dada yake aliyejifungua.

Jirani yetu mpya, Tatu, binti wa rika langu mwenye ulimi mkali, alikuja kuchungulia.

"Damari, humu mnaishi watu au mmehifadhi mahindi? Ukuta mtupu hivi!"

"Sisi tunayo picha ya kioo," nikamjibu.

"Iko wapi? Imekwenda kuchota maji?"

Nikafungua sanduku. Nilipoitundika, magunzi yaliifanya fremu iinamie mbele, na Tatu akacheka mpaka akashika mlango. "Kaka yako anatafuta kuku chini ya kitanda?" Nikayakata magunzi. Picha ikalala ukutani, imenyooka vizuri. Kitambaa sikukirudisha.

Nilitazamia kuchapwa. Baba alirudi kutoka shamba la kijiji, jembe begani, akasimama mlangoni. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya picha hadi ugali ukapoa. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na keshokutwa. Nikajiona nimetenda jambo jema.

Siku ya tisa niliona ukungu mweupe kwenye shavu la Yohana. Tulikuwa tumepata habari kwamba mama yuko njiani. Kwa hofu nikaifungua fremu ili nianike karatasi juani. Ilikuwa imegandamana na kioo. Nikavuta. Shati, mkono na kiti vilibaki kwenye karatasi. Uso ulibaki kwenye kioo, vipande vipande, na nilipojaribu kuukusanya kwa kidole ukawa uji.

Baba alinikuta hapo. "Lete," alisema. Akakifuta kidole changu kwa pindo la shati lake. "Chukua ndoo, nenda mtoni."

Niliporudi, mama alikuwa ameketi sakafuni, kioo mapajani.

"Nani aliitundika, Baba Yohana?"

"Ni mimi. Nilitaka kumwona."

Baba alinitazama mara moja tu. Nikatua ndoo, nikamimina maji mtungini.

Mama hakugomba. Alimpikia, alimfulia, aliketi karibu naye kanisani. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Yohana. Alimwita Baba Damari. Nami, mtoto mpumbavu, nilifurahi kusikia jina langu likiitwa mbele za watu, nikidhani nimepandishwa cheo. Kila alipoitwa hivyo, baba alikawia kidogo kabla ya kuitika. Nilidhani masikio yake yanazeeka.

Alizikwa akiitwa hivyo. Mama aliishi miaka mingi baada yake, na mara nyingi tulikaa wawili tukipukuchua mahindi, maneno yakiwa mdomoni mwangu. Sikuyatoa. Mwanzo niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa aibu. Mwishowe nilijidanganya kwamba ni mzee, nisimsumbue.

Nilipomzika mwanangu wa kwanza ndipo nilipoelewa kwamba baba hakusema uongo mtupu. Kweli alitaka kumwona mwanawe, naye alimwona siku tisa bila kitambaa. Lakini jina la Baba Yohana alinyang'anywa kwa kosa langu, na kumrudishia kungenigharimu maneno mawili tu: mama, nilikuwa mimi. Hayo ni matatu. Mjukuu wangu ameyahesabu, nami namwambia ayaache hapo, kwa sababu leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyatamka.