Picha Yenye Miguu

Siku hizo kila mtu wa kamera Nairobi alitaka lenzi ndefu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kamera yangu niliuziwa na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, ikiwa na lenzi yake ya kawaida, ile inayoona karibu sawa na jicho. Jicho halikunitosha. Nilitaka kusimama upande huu wa soko la Jericho nimpige picha mama muuza sukuma wiki aliye upande wa pili bila yeye kujua, kwa sababu mtu wa Eastlands akishaona kamera hufunga vifungo vya shati, hunyoosha shingo, na picha imekufa. Wenzangu walisema huo ni wizi. Niliwajibu kwamba macho hayana pazia.

Duka lilikuwa River Road, la Mhindi mmoja mzee aliyeuza vitu vilivyotumika. Katika kabati lake la kioo mlikuwa na lenzi mbili za kuingia kwenye kamera yangu. Moja ndefu, safi, haina hata alama ya kidole. Nyingine fupi, pana, imekwaruzwa ukingoni, na pete yake ya kulengea ilikuwa nzito kuzungusha kama kifuniko cha chupa ya asali. Ile fupi ningeimudu bila jasho, ile ndefu kwa kufunga mkanda. Zote mbili, hapana. Nilishaamua ni ile ndefu, na nilingoja likizo yangu niende nayo magharibi kwa treni.

Jirani yangu pale mtaa wa Ziwani, tuliyepakana naye ukuta, alikuwa fundi wa vyuma mwenye asili ya huko huko magharibi. Mwaka huo chuma kilimwangukia kazini, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mama yake, kikongwe asiyeweza kusafiri, alipelekewa habari kwa mdomo, na habari ya mdomo hukua njiani. Ilipomfikia, mwanawe alikuwa amekatwa miguu yote miwili, na kila mgeni aliyepita aliongeza lake.

"Nipige picha nimpelekee," jirani aliniambia. "Lakini piga hapa juu tu. Akiona hii mguu atazimia."

Alivaa koti na tai, akaegemea ukuta wa uani, nikampiga kuanzia kifuani kwenda juu kwa lenzi niliyokuwa nayo. Ilitoka picha nzuri, nasema bila haya. Ndugu yake akaipeleka nyumbani.

Aliporudi, uso wake ulitosha kutueleza. Mama aliitazama picha, akailaza kifudifudi, akakataa chakula. Kwao, kama kwetu mtaani, picha ya kifua na tai ilikuwa na kazi mbili: ile ya kipande, yaani kitambulisho cha serikali, au ile inayowekwa juu ya jeneza. Kipande mwanawe alikuwa nacho tangu ujana. Mtu mzima alipigwa picha na viatu vyake, hata kama ni vya kuazima. "Mnanizikia mtoto kidogo kidogo," mama alisema, na tangu siku hiyo hakula ila uji wa kulazimishwa. Ndugu mtu alisema mambo yakiendelea hivyo watakayemzika ni mama mwenyewe.

"Sasa piga yote," jirani aliniambia.

Kusema ni rahisi. Uani kwetu palikuwa pembamba. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta wa pili, na bado kwenye kamera nilipata ama kichwa ama miguu. Nilichuchumaa, miguu ikaja, kichwa kikaenda. Nilimwomba tutoke hadi uwanjani, akakataa. "Watu wataniangalia kama sinema," alisema, na sikumsukuma, maana tangu atoke hospitali alikuwa hajavuka mlango wa uani kwa hiari yake. Nikaiwazia ile lenzi yangu ndefu. Pale ingenipa pua yake tu.

Nilikwenda River Road. Mzee alikuwa ameshaitoa ile ndefu na kuipangusa.

"Nimekuwekea hii. Simba unachukua ukiwa ndani ya gari."

"Ziwani hakuna simba."

"Basi ndege."

Nikaomba ile fupi. Aliniambia iko na mkwaruzo, nikamwambia naujua. Niliifunga kwenye kamera, nikamlenga pale pale ng'ambo ya kabati: akaingia mzima, kutoka kofia hadi kandambili, na kalenda ya ukutani juu yake, bila mimi kusogea. Nilihuzunika kama mtu anayeozeshwa asiyemtaka. Nikalipa.

Mke wa jirani alikuwa amepiga pasi suruali, akakunja mguu wa kushoto na kuubana kwa pini. Viatu alivipiga rangi vyote viwili, kwa mazoea. Mumewe alichukua kimoja, mke akabaki na cha pili mkononi, asijue aweke wapi. Halafu akataka kusimama ubavuni mwa mumewe, ameitanda leso mbele ya ule mguu uliokatwa.

"Toa hiyo leso, mama watoto. Hapo ndipo mama yangu anataka kuona."

Akaegemea mkongojo wake, nikapiga. Lenzi pana huchukua hata wasioalikwa: karai, kamba ya nguo, kuku wa jirani. Tena hukuza kilicho karibu, kwa hiyo kiatu chake kilitoka kikubwa kuliko haki yake.

Likizo ilipofika niliibeba picha mwenyewe. Njiani nilikiri kwamba lenzi ile ilifaa safari. Iliingia mfuko wa koti, na ndani ya behewa lenye mwanga hafifu haikuonyesha kutetemeka kwa mkono wangu. Hata hivyo kila kituo nilichopita niliitamani ile ndefu.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mwembamba kuliko nilivyoambiwa. Mkwe wake, mke wa yule ndugu, alinitafsiria. Nilimpa picha, naye hakuanza na uso. Alianza chini. Aliweka kidole kwenye kiatu, akakihamisha hadi penye pini, akakaa hapo kwa muda mrefu, kisha kidole kikapanda polepole kuufuata mkongojo mpaka begani, mpaka usoni. Akasema neno fupi.

"Anasema, kumbe ni mguu mmoja tu," mkwe akaniambia.

Mama akasema lingine, bila kuinua macho kutoka kwenye picha. Hilo mkwe hakungoja kunitafsiria. Aliinuka akakimbilia jikoni, na muda si muda nikasikia sufuria ikiteguliwa motoni na chakula kikipakuliwa.