Siku Niliyokwenda Kumposea Kijiko

Aibu hii ningeenda nayo kaburini, lakini kila Idi mnanichokoza, basi bora msikie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi Nizwa, chini ya injinia wa Kiskochi, na siku moja alitaka kunitambulisha kwa wageni, jina langu likamtoka kichwani, akacheka, akasema kwao hali hiyo ina neno lake, "tartle" (mdomoni mwangu likawa "tato"), na kwamba asili yake yadhaniwa ni neno la kale la kuyumbayumba. Nililipenda (mnajua ninavyopenda makuu), ikawa kila ninayekutana naye lazima alisikie.

Basi rafiki yangu Kijiko, ambaye wazazi wake wameshafariki, akaniomba nikamposee binti mmoja Ibra, binti aliyempenda mpaka hali wala halali. Tumekua pamoja Tabora, tumerudi Oman pamoja, na hakuna aliyemwita ila Kijiko. Njiani nikagundua jina lake kamili silikumbuki, nikaona haya kumuuliza, nikajiambia litakuja lenyewe.

Halikuja. Majlisi imejaa, halua imeliwa, kahawa inazunguka, nikahutubia kwa madaha, na baba wa binti akauliza kwa upole, "Ewallah, mwanangu. Na huyo unayemposea ni nani, mtoto wa nani?"

Nikawatazama wenzangu tuliokuja nao, nao wakatazama vikombe vyao (hata wao walimjua kwa Kijiko tu). Kijiko mwenyewe kainamisha kichwa, maana anayeposewa hasemi. Nami, badala ya kuomba radhi, nikasema, "Sheikh, kuna neno la Kiskochi." Nikaeleza maana, nikaeleza asili, nikasimama kabisa kuonyesha kuyumba kwenyewe, nikalipiga teke dele, kahawa yote ikammwagikia mzee kwenye kanzu yake nyeupe.

Mzee akajipangusa taratibu. "Neno tumelijua na asili yake tumeijua. Mwanamume bado."

Ikabidi Kijiko afunue kinywa mwenyewe, "Suleiman bin Nasor," sauti kama ya mtoto wa chuo cha Kurani, na nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko.

Tukaambiwa tungoje jibu, na siku zote za kungoja Kijiko hakunisemesha, nami roho iliniuma kweli. Jibu likaja: wamekubali, ila siku ya nikaha aseme mtu mwingine.

Siku hizi sijibu hata salamu ya mtu kabla sijajua jina lake, la baba yake na la babu yake. Lakini nimechelewa. Siku ya harusi mama mkwe wa Kijiko alinishika mkono anitambulishe kwa dada zake, akasita, akamwangalia mkwewe, na Kijiko akamwambia kwa utulivu kabisa, "Huyu ni Tato."

Mpaka leo Ibra nzima sina jina jengine.