Barua Niliyotia Jina la Nyanya

Mama huniita mama mkwe. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba yake, na baba yangu alikuwa Mskoti, fundi wa injini za gari-moshi hapa Nakuru. Kwa hiyo nikapewa jina la mwanamke wa Uskoti ambaye mimi na Mama hatujapata kumwona. Baba alikufa kwa homa kabla sijajua kutembea. Hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, watoto wananiita nusu-nusu, lakini Mama akiniamsha husema, "Mama mkwe, uji unapoa. Ama kwenu Uskoti mnalala mpaka jua litoboe bati?"

Nilitaka nyanya huyo ajue kwamba nipo. Sikutaka nguo wala nauli. Nilitaka tu ajue.

Ndani ya Biblia ya Baba mliandikwa jina la kijiji. Misi, mwalimu wetu wa Kiingereza, naye ni Mskoti, lakini ilinichukua muhula mzima kumwambia, maana mimi naona haya hata kuomba chaki. Akamwandikia kasisi wa kijiji hicho. Hakunitaja, aliuliza tu habari za ukoo wa fundi aliyefia Nakuru. Jibu likaja: nyanya yu hai ila ni mgonjwa, na anayemtunza ni binti yake, dada ya Baba. Misi akanipa anwani. "Sasa andika wewe," akasema, "ni watu wako. Ukimaliza niletee niitazame."

Sikumpelekea. Niliona haya.

Niliandika kwa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa yale yale ya nyumbani kwetu. Mwenye jina la mama ni mama, basi nikamwita shangazi "binti yangu mpendwa". Nikamwambia sijamsahau, kwamba nimefika salama mahali penye joto, asiwe na wasiwasi, siku moja tutaonana. Kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake niliandika ukurasa wa pili, karibu na mwisho. Chini, na nyuma ya bahasha, nikatia jina zima la nyanya, ambalo ndilo langu. Nilipomtafsiria Mama alicheka akapiga makofi. "Huyo mgonjwa atacheka mpaka apone!"

Jibu la shangazi lilifika wakati wa mvua. Mistari mitano. Mama yake alikuwa amezikwa siku mbili kabla ya barua yangu kufika. Shangazi aliona jina lile, akafungua bahasha, akasoma kwamba mama yake amefika salama mahali penye joto. Ukurasa wa pili nadhani hakuufikia. Hajui ni nani mwenye roho ya kumfanyia mtu mzaha wa namna hiyo, wala hataki kujua. Nisimwandikie tena.

Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mama alikuwa anafua nguo za Mhindi mmoja mwenye duka, povu mpaka viwikoni.

"Amesemaje binti yetu?"

"Nyanya amekufa."

Nikaishia hapo. Nilikuwa na maneno mengine yote mkononi, nikayakunja.

Mama akakaa juu ya debe. Maji yalimchuruzika vidoleni. "Hata siku moja sikumpikia," akasema. Kisha akajipangusa. "Lete karatasi. Mtu amefiwa, sisi tunyamaze, atasema kaka yake alioa kwa watu gani?"

Akaketi karibu nami mpaka nimalize. Hajui kusoma, lakini urefu anaujua.

"Hiyo ni fupi. Ongeza."

Nikaongeza. Niliandika pole, nikaandika kwamba nisamehewe, kwamba haukuwa mzaha, kwetu ndivyo tunavyowapenda wazee. Nilipofika mahali pa kutia jina kalamu ilisimama. Jina langu ndilo lililomwumiza.

"Tia jina, mama mkwe. Ajue bado uko."

Nikaandika: mtoto wa kaka yako. Basi.

Mama akainama akatazama. "Mbona leo limekuwa refu?"

"Ndivyo wanavyoandika kwao."

Akailamba bahasha mwenyewe, akaibana kwa kiganja, akanituma posta kabla ya saa ya kufunga. Niliituma kweli, ingawa shangazi alinikataza. Sasa ni miezi minne. Nikirudi kutoka shule Mama huniuliza kama binti yetu amejibu, na mimi humwambia meli zimechelewa.