Shati la Shule Juu ya Mlingoti

Nina kitendawili ambacho watu wawili tu duniani tulijua jibu lake. Mimi niliyekitunga, na mwanangu Khotso.

Jumamosi iliyopita, mgeni ambaye sijawahi kumtia machoni alikijibu hata kabla sijammiminia pombe.

Sogeeni karibu niwape yote, maana nikikaa nayo peke yangu hainishuki.

Mimi ni Makhotso, mama yake Khotso. Huku kwetu milimani Lesotho ukishaolewa jina la usichana limekwisha kazi. Napika pombe ya mtama. Kila Jumamosi ikiiva, napandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti, walevi wa mabonde yote mawili wanakiona, wanakuja.

Basi siku hiyo akaja Lebusa na farasi wawili. Huyu Lebusa kazi yake ni kutembeza wageni milimani. Kibanda changu yeye anakiita kiwanda.

"Makhotso! Mgeni huyu, kaja kuona kiwanda!"

"Kiwanda ndicho hiki, mfanyakazi ndiye mimi, na mnywaji wa bure ndiye wewe."

"Mama, nistahi basi mbele ya mgeni."

"Kanyweshe farasi mtoni. Ukirudi, heshima yako utaikuta kwenye kopo."

Akaondoka anacheka.

Kaniachia binti wa miaka ishirini hivi, kajifunika blanketi la kuazima, anatetemeka. Nikajua ni baridi yetu. Nikamuuliza katokea wapi, akasema Welkom, ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya dhahabu.

Zamani moyo ungeruka kusikia Welkom. Khotso wangu alikwenda kuchimba huko mwaka 1998. Barua ya mwisho ilikuja 2001. Lakini moyo nao huchoka kuruka.

Nikamwonyesha kimea. Nikamwonyesha pipa linavyotoa povu. Nikachota kata ya kwanza nikanywa mwenyewe, mgeni aone haina sumu. Halafu nikamtegea, kama ninavyomtegea kila anayekuja.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Alisoma shule miaka saba, kazi aliyopata ni kuita walevi."

Hapo wote huanguka. Mmoja atasema mwalimu. Mwingine atasema Lebusa. Mjanja atasema bendera, na mimi nitamuuliza, bendera ilisoma shule gani?

Binti hakufikiri hata kidogo.

"Shati la shule la Khotso."

Kata ikabaki hewani.

Kile kitambaa ni shati lake kweli. Siku alipomaliza darasa la saba tulilifumua pamoja, yeye kashika mkasi, mimi nashona. Kitendawili tukakitunga palepale, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Hatukumwambia mtu.

"Nani kakwambia?"

"Baba."

"Yuko wapi?"

"Alifariki, bibi. Huu mwaka wa tatu. Kifua. Vumbi la mgodini."

Mtu mwingine angepiga yowe. Mimi nilisikia kama ninaelezwa habari za kijiji cha mbali. Nikaona povu linataka kumwagika, nikalikoroga.

"Na wewe umefuata nini huku?"

"Nilikuja kutafuta kaburi lako," akasema. "Lebusa alipokuita jina, nikajua ungali hai."

Kumbe haikuwa baridi.

"Kaburi langu? Nani kaniua?"

Akanieleza. Khotso alirudi mara moja. Mwezi wa sita, mwaka 2004, Jumamosi. Kazi ilikuwa imekwisha, mikono mitupu, aibu imemjaa. Akafika mpaka pale juu ya kilima, akatazama mlingoti.

Shati halikuwepo.

Akageuka, akarudi alikotoka.

Sikilizeni sasa. Siku alipoondoka, mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo huu huu: "Jumamosi usipoliona shati, jua sipo."

Sipo. Nilitania tu. Yeye alilibeba neno lile miaka yote kama mtu abebavyo dawa mfukoni.

Na Jumamosi ile kweli sikuwepo. Mara moja tu maishani nimefunga kibanda siku ya pombe. Nilikuwa Maseru, kwenye foleni ya ofisi ya wachimbaji, nimeshika picha yake, nauliza kama kuna aliyemwona.

"Kila mwaka alikumwagia pombe chini, kama wafanyiwavyo marehemu, bibi," binti akasema. "Alikuwa anasema, 'Mama, kunywa.'"

"Na mimi kila Jumamosi namwekea kopo lake. Lile pale."

Tukalitazama lile kopo. Lilikuwa limejaa, nzi mmoja anazunguka ukingoni.

Sikulia. Nilichuja pombe mpaka machicha yakabaki makavu. Kisha nikatoka nikalishusha shati, maana nyumba yenye msiba haiiti walevi. Binti akalikunja.

Haikupita muda, Lebusa huyo! Kapanda mteremko mbio, kofia hana, farasi kawaacha huko huko mtoni.

"Makhotso! Makhotso! Upo?"

"Nipo."

"Nimeona bendera imeshuka na hata jua halijawa kichwani, nikasema kikongwe kimekufa!"

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Si nimekuja kuangalia!"

Nilimtazama mlevi yule, jasho linamtiririka, pumzi hana. Kutoka mtoni hadi kwangu ni mbali kuliko kutoka pale kilimani alipogeukia mwanangu.

Nikaingia kibandani. Nikampa Lebusa kopo la Khotso.

"Kunywa," nikamwambia.

Akanywa yote.

Wanangu mnaonisikiliza, kama kuna nyumba mmeacha kuifikia kwa sababu ya ishara mliyoiona kwa mbali, simu isiyopokelewa, taa iliyozimwa, neno la utani, msisimame kilimani mkaamua. Shukeni mpaka mlangoni. Pigeni hodi.

Huenda kweli hatupo. Lakini huenda tumetoka kidogo tu, tumekwenda kuwatafuta ninyi.